SOMO LA WAZAZI: KUPIMA GHARAMA YA SHULE YA MBALI

Masomo: Luka 14:28–30, Mithali 22:6



Kila mwaka matokeo ya Darasa la Saba yakitoka, wazazi wengi wa mtaa wetu huingia katika shauri moja. Mtoto amefaulu na amepangiwa shule ya serikali iliyo karibu. Lakini wanasikia sifa za shule ya binafsi huko Dar es Salaam, Morogoro au Moshi, na pengine mjomba wa mtoto ameahidi kusaidia. Je, wampeleke?

Katika Injili ya Luka, Bwana wetu anamtaja mtu atakaye kujenga mnara. Kabla ya kuweka msingi, yampasa akae na kuhesabu kama anacho cha kumalizia. Tuangalie vema: anayechekwa pale si mtu asiyejenga, bali ni yule aliyeanza akashindwa katikati. Tuyatumie mafundisho hayo katika jambo hili.

Kwenda mbali kutafuta elimu si jambo geni kwetu. Tangu Askofu Edward Steere alipoanzisha misheni ya Masasi mwaka 1876, vijana wa huku walipelekwa kusoma Kiungani, Unguja. Padre Cecil Majaliwa alisoma Kiungani na tena Canterbury, Uingereza, akapewa upadre mwaka 1890, akatumika Chitangali. Hata hapa Chidya, wavulana walikuja kutoka mbali walipokuwa bado wanasoma chini ya Kanisa, kabla Serikali haijatwaa shule za misheni kwa Sheria ya Elimu ya 1969. Lakini vijana wale wa Kiungani walipelekwa na misheni, nayo iliwapa walezi huko walikokwenda. Leo mzigo wote ni wa mzazi. Kwa hiyo yafaa tupime mambo manne.

1. Hesabu miaka minne, si mmoja.

Mzazi wa huku hutazama fedha za korosho. Bei ikipanda, moyo nao hupanda. Lakini tukumbuke: katika msimu wa mwaka 2017 bei mnadani ilifika kwenye shilingi 4,000 kwa kilo. Mwaka uliofuata wakulima walikataa bei ya wanunuzi, Serikali ikanunua kwa shilingi 3,300, na wengi walingoja malipo yao hadi ndani ya mwaka 2019. Shule hufunguliwa Januari, nayo haingoji malipo.

Basi pima ada kwa kilo. Tuseme ada ni shilingi 2,000,000 kwa mwaka. Ukibakiwa na shilingi 3,000 kwa kilo baada ya makato, unahitaji kama kilo 670. Ukibakiwa na shilingi 2,000, unahitaji kilo 1,000. Hapo hujanunua salfa, hujalipa wapaliliaji, wala hujatoa nauli ya likizo, sare na godoro. Hesabu kwa bei ya mwaka mbaya. Ikiwa ada haitapatikana ila kwa kuuza korosho kwa kangomba au kuweka mikorosho rehani, jibu umekwisha kulipata.

2. Chunguza matokeo kwa makini.

Baraza la Mitihani hutangaza matokeo ya kila shule, na kijana yeyote mwenye simu aweza kukuonyesha. Usitazame Daraja la Kwanza tu. Tazama ni wanafunzi wangapi waliofanya mtihani wa Kidato cha Pili, kisha tazama miaka miwili baadaye ni wangapi waliofanya wa Kidato cha Nne. Kama walikuwa 90 wakabaki 50, uliza wale 40 wamekwenda wapi. Shule inayowaondoa wanafunzi wazito ili kulinda sifa yake yaweza kumwondoa na wako. Tena linganisha na shule yako ya karibu, hasa Hisabati na Sayansi.

3. Mtazame mtoto mwenyewe.

Mtoto aliyefundishwa kwa Kiswahili miaka yote ya msingi hukutana na Kiingereza Kidato cha Kwanza. Huko ugenini atakaa pamoja na wenzake waliokizoea tangu utoto. Wengine hukazana wakashinda, wengine hunyamaza. Je, yuko ndugu au Mkristo mwenzetu wa kumtembelea akiugua? Omba barua ya utambulisho kwa Padre, ili kanisa la huko limpokee.

4. Wakumbuke ndugu zake.

Fedha zote zikienda kwa mmoja, wadogo zake watasoma kwa nini? Mara nyingi anayeachwa ni msichana. Ni kweli kwamba tangu 2016 shule za sekondari za serikali hazitozi ada hadi Kidato cha Nne, na tangu 2022 hata cha Tano na cha Sita. Lakini daftari, sare na chakula ni juu yetu.

Hata hivyo tusiseme kwamba karibu ni salama siku zote. Binti anayetembea mwendo mrefu, au aliyepangishiwa chumba peke yake karibu na shule, yumo hatarini. Kwake bweni ni ulinzi. Lakini bweni si lazima liwe Moshi. Tafuteni kwanza ndani ya mkoa wetu, ambako mzazi aweza kufika na kurudi bila kuuza mbuzi.

Neno langu ni hili: shule ya mbali yastahili gharama ikiwa inafundisha kweli kuliko ya karibu, ikiwa mtoto anaye mlezi huko, na ikiwa nyumba yaweza kumfikisha Kidato cha Nne bila kuwanyima wengine. Likikosekana moja, sehemu ya fedha hizo itazaa zaidi hapa nyumbani: vitabu, taa ya kusomea, chakula cha mchana, na mwalimu wa Hisabati siku za likizo. Kumrudisha mtoto kutoka Kidato cha Tatu kwa kukosa ada ni jeraha lisilopona upesi.

Maswali ya kujadiliana nyumbani na katika jumuiya:

1. Ada ya shule tunayoitaka ni kilo ngapi za korosho katika mwaka mbaya?
2. Aliyeahidi kusaidia, ameahidi mwaka mmoja au minne?
3. Je, tumemwuliza mtoto mwenyewe?
4. Jumuiya yetu yaweza kufanya nini ili binti asikae peke yake chumba cha kupanga?

Mungu awape hekima katika kuwalea watoto wenu.