Hadaa Katika Masoko ya Intaneti

Imesimuliwa katika Hadithi kwamba Mtukufu Mtume Muhammad (s.a.w.) alipita sokoni penye lundo la nafaka, akatia mkono ndani yake, vidole vyake vikalowa. Mwenye mali akatoa udhuru wa mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa, watu wakaiona.

Kisa hiki chafundisha kwamba haifai muuzaji kufichaficha, wala si aibu mnunuzi kuchunguza. Leo watu wengi huuziana kwa matangazo ya intaneti, mfano wa soko la Craigslist lililoanzishwa San Francisco, Marekani, mwaka 1995. Masoko hayo yana manufaa. Lakini picha haiingiliki mkono, na hapo ndipo laghai apatapo nafasi yake. Basi zifahamu dalili zake.

Kwanza, bei ndogo mno pamoja na haraka. Hutangazwa nyumba nzuri ya kupanga, na ajiitaye mwenyewe husema yuko ng'ambo, hawezi kukuonyesha. Ila arubuni aitaka leo hii, kwani wengine waingoja. Pengine picha zenyewe ameziiba katika tangazo la mtu mwingine.

Pili, malipo yaliyozidi. Mnunuzi hukuletea hundi yenye fedha zaidi ya bei, kisha akuombe umrudishie ziada. Benki yaweza kuonyesha fedha katika hesabu yako kabla hundi haijathibitishwa. Ikija kujulikana kuwa ni ya bandia, utakayedaiwa ni wewe.

Tatu, ujumbe wa uongo wa simu usemao kwamba fedha zimekwisha ingia. Usitoe mali mpaka umetazama salio lako mwenyewe. Wala usimpe mtu namba yako ya siri, kwani apokeaye fedha hana haja ya kuitaja.

Je, kinga ni ipi? Kutaneni mchana, mahali penye watu. Ikague mali, ndipo ulipe. Nyumba iingie, na majirani uwaulize. Akikasirika kwa kuwa wataka kuona kwanza, mwache aende zake. Na ukiwa umekwisha dhulumiwa, hifadhi ujumbe wote na upeleke habari polisi upesi.

Nawe utangazapo mali yako, itaje kasoro yake waziwazi. Huenda atakayeinunua ameweka akiba ya mwaka mzima.