SOMO LA FAMILIA: Tuwazoeze Watoto Kabla ya Kosa

Andiko la kusoma: Luka 2:41-52



Mwezi uliopita mwanangu wa miaka saba alirudi kutoka bombani analia, dumu tupu mkononi. Alisukumwa kwenye foleni, naye akasukuma. Kabla ya jioni, mimi na mama wa mtoto yule tulikuwa tunatukanana, na maneno hayakuwa tena juu ya maji, bali juu ya kabila. Nilimchapa mtoto. Usiku nikajiuliza: je, niliwahi kumwonyesha afanye nini akisukumwa? Sikuwahi.

Kule Kivu mtoto alifunzwa na wengi: bibi jikoni, babu barazani, shangazi shambani. Hapa kambini, kazi ile ya ukoo mzima imebaki kwa baba na mama, na mara nyingi kwa mama peke yake.

Luka anatuonyesha Yesu wa miaka 12 akiwa kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza. Kisha alirudi Nazareti na wazazi wake, akaendelea kukua katika hekima, akipendwa na Mungu na watu. Tuangalie neno hilo: kukua. Ni hatua kwa hatua, tena nyumbani. Basi tusingoje mtoto akosee ndipo tumfunze kwa fimbo. Tumzoeze mapema, kwa mchezo wa kuigiza, jioni baada ya chakula.

1. Salamu. Kwetu mtoto humwambia kila mtu "jambo". Hapa Tanzania mzee hungoja "shikamoo". Asipoisikia hudhani amedharauliwa. Mtoto ajue zote mbili, na "amahoro" kwa jirani Mrundi.

2. Foleni. Mzazi ajifanye mtu anayeruka zamu. Mtoto aseme kwa utulivu: "Samahani, hii ni zamu yangu." Asiposikilizwa, amwite mtu mzima aliye karibu. Asirudishe ngumi.

3. Kuomba msamaha. Mtoto ataje kosa lenyewe na namna ya kulitengeneza: "Nimemwaga maji yako. Nisamehe, nitakusaidia kuchota."

4. Kukataa. Adabu si kumtii kila mtu mzima. Mtu akimwita mafichoni, akimpa zawadi ya siri, au akimgusa vibaya, mtoto apige kelele "Hapana!", akimbie, na aje kueleza. Mzazi asimkaripie, amsikilize hadi mwisho.

Wazazi, tutangulie sisi. Mtoto hashiki tunayosema kama anavyoshika tunayotenda. Mimi nilimwomba mwanangu msamaha kwa fimbo ile. Kisha tulikwenda pamoja kwa mama yule, nikamwomba msamaha mbele ya watoto wote. Alinyamaza kidogo, halafu akatuletea kiti. Siku hizi watoto wetu huenda bombani pamoja.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:
- Ni neno gani la matusi ambalo watoto wamelisikia kwetu?
- Ni jirani gani tunayepaswa kumwendea?

Kazi ya juma hili: chagueni zoezi moja, mlifanye jioni tatu.

Tuombe: Bwana, utupe subira ya kuwalea watoto hawa katika ugeni huu, ili popote utakapotupeleka wawe watu wa amani. Amina.