Magurudumu Madogo ya Kichwa cha Treni

Wengi wetu tumeona trela la trekta lenye magurudumu manne. Ekseli ya mbele haikukazwa moja kwa moja kwenye bodi. Imeshikwa na pini nene katikati, ndiyo maana hukata kona.

Kichwa cha treni ya moshi ni vivyo hivyo. Kwenye makumbusho ya reli, Nairobi, kipo kimoja kiitwacho Mount Gelai, namba 5918. Kina tani 250 hivi, na reli zake ziliachana mita 1 tu! Mbele kina kigari cha magurudumu madogo manne, na nyuma vilevile. Kigari cha mbele hugeuka kwanza, kikiongoza mwili mzito kwenye kona.

Lakini pini peke yake haitoshi. Lazima kigari kibebe uzito kiasi, kupitia springi. Kikielemewa kidogo mno, gurudumu hupanda reli, treni ikaacha njia. Kikielemewa sana, magurudumu makubwa yanayovuta huwa mepesi, yakazunguka bure kama ya lori topeni. Hata mafundi wa vitreni vidogo vya mfano husumbuka hapo, wakijaribu springi hii na ile.

Swali la kikundi: Tukipakia mzigo wote nyuma ya trela, ekseli ya mbele itafanyaje konani?