Ramani ya Miinuko ya Ardhi Tupu: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kununua Kiwanja Mwambaoni

Anayenunua kiwanja kando ya Ziwa Tanganyika hununua eneo pamoja na mwinuko wake. Eneo huoneshwa katika ramani ya upimaji, likiwa na mipaka, bikoni na ukubwa wake kwa mita za mraba. Mwinuko, yaani kimo cha ardhi hiyo kuupita usawa wa maji, kwa kawaida hauandikwi humo. Hata hivyo, mwinuko ndio unaoamua kama nyumba itabaki kavu ziwa litakapopanda.

Ndiyo maana mnunuzi makini hutafuta ramani ya miinuko, au huoneshwa moja na muuzaji. Ramani hizo huwa na rangi za kuvutia na tarakimu nyingi, na huambatana na maneno mazito kama vile "imepimwa kwa leza kutoka angani". Katika somo hili tunaeleza ramani ya namna hiyo hutengenezwaje, inaweza kupotosha wapi, na mlaji ana haki ya kuuliza nini kabla ya kutoa fedha yake.

Kwa nini mwinuko una uzito Kigoma na Ujiji

Usawa wa Ziwa Tanganyika haujawahi kutulia mahali pamoja. Kila mwaka maji hupanda wakati wa masika, hufikia kilele kati ya Aprili na Mei, kisha hushuka hadi mwisho wa kiangazi. Mabadiliko hayo ya mwaka mmoja kwa kawaida hayafiki mita moja. Yako pia mabadiliko makubwa zaidi yanayochukua miaka mingi.

Livingstone na Stanley walipokutana Ujiji mwaka 1871, ziwa lilikuwa juu kuliko lilivyo leo. Njia yake pekee ya kutokea, Mto Lukuga ulioko upande wa Kongo, ilikuwa imezibwa na mchanga na matete. Mwishoni mwa miaka ya 1870 kizuizi hicho kilibomoka, na kabla ya karne kwisha maji yalikuwa yameshuka takriban mita 10. Edward Hore, mmisionari na baharia aliyefika Ujiji mwaka 1878, alishuhudia maji yakirudi nyuma mwaka hadi mwaka. Mnara wa kumbukumbu ya wageni wale wawili leo umesimama ndani ya mji, mbali na ukingo. Sehemu ya ardhi tambarare iliyo kati ya mji mkongwe na ziwa ni ardhi iliyofunuliwa na maji yaliyoondoka.

Maji yaliyoondoka huweza kurudi. Baada ya mvua kubwa za mwaka 1961 na 1962, ziwa lilipanda hadi kilele cha mwaka 1964. Lilipanda tena kwa kiasi kikubwa katika mwaka 2020 na 2021, na mara nyingine mwaka 2024, likasumbua watu wa Bujumbura, Uvira, Kalemie na mwambao wetu wa Kigoma.

Madhara ya kupanda huko hutegemea mteremko. Mahali ambapo ardhi hupanda mita moja kwa kila mita 100 za mwendo, ziwa likipanda mita moja ukingo husogea mita 100 kuelekea nchi kavu. Mahali ambapo mlima unaanzia majini, ukingo hausogei hata hatua kumi. Kwa hiyo mtu anayenunua ardhi tambarare kuelekea delta ya Mto Luiche, kusini mwa Ujiji, anahitaji kujua kimo chake kwa usahihi kuliko anayenunua juu ya kilima cha Bangwe. Kosa la mita mbili kwenye ramani, ambalo kilimani halina madhara, huko bondeni laweza kumgharimu nyumba.

Jinsi leza inavyopima ardhi kutoka angani

Chombo cha leza hufungwa chini ya ndege, helikopta au droni. Kinaporuka hutuma mipigo ya mwanga kuelekea chini, mamia ya maelfu kwa kila sekunde, na kupima muda ambao kila mpigo hutumia kwenda na kurudi. Kwa kuwa kasi ya mwanga inajulikana, muda huo hugeuzwa kuwa umbali. Vipimo hivi ni vya hali ya juu: kosa la sehemu moja ya bilioni ya sekunde huzaa kosa la sentimita 15. Wakati huohuo kipokezi cha setilaiti hurekodi mahali chombo kilipo, na kifaa kingine hurekodi kilivyoinama. Mambo hayo matatu yakiunganishwa, kila mpigo uliorudi hupata mahali pake na kimo chake. Mkusanyiko wa mamilioni ya vipimo hivyo huitwa wingu la nukta.

Faida kubwa ya leza huonekana penye miti. Mpigo mmoja ukishuka juu ya mwembe, sehemu ya mwanga hurudishwa na majani ya kileleni, sehemu na matawi ya katikati, na sehemu iliyopenya katika nafasi za majani hurudishwa na udongo. Chombo huyarekodi marejeo hayo yote. Kamera haina uwezo huo. Droni yenye kamera huunda umbo la ardhi kutokana na picha nyingi zinazopishana, na mahali palipofunikwa na majani yaliyoshikana hupata umbo la majani. Mnunuzi anapoambiwa kwamba eneo limepimwa kwa droni, aulize mara moja: kwa kamera, au kwa leza?

Upimaji wa leza si mgeni nchini. Watafiti wameutumia katika misitu ya Liwale, na pia katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, Usambara Mashariki. Huko Amani walichunguza pia jinsi wingi wa mipigo unavyoathiri ramani ya ardhi iliyo chini ya msitu mnene. Suala hilo linamhusu pia mwenye kiwanja kilichojaa michikichi.

Kuchuja: kutoka wingu la nukta hadi ardhi tupu

Wingu la nukta peke yake si ramani ya ardhi. Ndani yake mna vilele vya michikichi, mapaa ya bati, nyaya za umeme, mitumbwi iliyopandishwa ufukweni, hata ndege warukao. Ramani inayochorwa kwa nukta za juu kabisa huitwa ramani ya uso. Ili kupata ramani ya ardhi tupu, ni lazima nukta za udongo zitengwe na nyingine zote.

Kazi hiyo hufanywa na programu za kompyuta kwa kanuni mbalimbali. Kanuni moja huanza na nukta chache zilizo chini kuliko jirani zake, huziunganisha kwa pembetatu, kisha huongeza nukta nyingine zinazokubaliana na mteremko wa pembetatu hizo. Nyingine, iliyochapishwa mwaka 2016, ni rahisi kuiwazia: wingu lote hupinduliwa juu chini, kisha hutandazwa juu yake kitu mfano wa shuka. Shuka hulala juu ya udongo uliopinduliwa bila kuzama katika mashimo ambayo hapo awali yalikuwa miti na nyumba. Nukta zinazoigusa shuka huhesabiwa kuwa ardhi.

Baada ya hapo kila nukta hupewa namba ya kundi lake. Katika utaratibu unaotumika duniani kwa mafaili haya, namba 2 ni ardhi, namba 6 ni jengo na namba 9 ni maji. Hatua ya mwisho ni kuigawa ardhi katika miraba midogo, labda ya nusu mita au mita moja, na kuupa kila mraba kimo kinachotokana na nukta za kundi la 2 pekee. Palipo na nukta chache za ardhi, programu hukisia kimo kutokana na nukta za pembeni. Mkisio huo huonekana laini na safi kwenye ramani, lakini si kipimo.

Mahali ramani inapoweza kupotosha

Kwanza ni matete na vichaka vizito vya ukingoni. Mashina yake yameshikana kiasi kwamba mwanga haufiki chini, na programu huweza kuyachukua kuwa ardhi. Kiwanja huonekana kimeinuka kuliko kilivyo.

Pili ni kuchuja kupita kiasi. Programu iliyopangwa kwa ajili ya nchi tambarare inaweza kukata ukingo wa mwamba au tuta, ikidhani ni jengo. Katika mwambao wa Kigoma, ambako vilima na mabonde vimekaribiana, kanuni moja haifai kila mahali. Mtaalamu hana budi kuyakagua matokeo kwa macho na kusahihisha.

Tatu ni maji. Leza nyingi za nchi kavu hutumia mwanga ambao maji huumeza, hivyo ramani haioneshi sakafu ya ziwa. Tarakimu zozote zilizopo mahali pa maji zisitumiwe kukadiria kina.

Nne ni usawa wa rejea. Setilaiti hupima kimo kutoka kwenye umbo la kihisabati la dunia, ambalo halilingani na usawa wa bahari. Tofauti yake yaweza kufikia mita 10 na zaidi. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari. Ikiwa kimo cha kiwanja kimehesabiwa kwa rejea moja na kimo cha ziwa kwa nyingine, kuvilinganisha hakuna maana.

Tano ni chanzo. Kuna ramani za bure za dunia nzima, mfano ile iliyotokana na rada ya chombo cha anga cha Marekani mwezi Februari 2000. Zina manufaa makubwa kwa mipango ya wilaya na mikoa. Lakini mraba wake mmoja una upande wa takriban mita 30, hivyo kiwanja kizima chaweza kupata kimo kimoja tu; kosa lake ni la mita kadhaa, na penye miti huelekea kupima juu ya udongo. Upimaji mzuri wa leza mahali pa wazi huwa na kosa la sentimita 10 hadi 20.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Kiwanja kimejaa michikichi. Ramani ya uso inasema wastani wake ni mita 7 juu ya ziwa. Ramani ya ardhi tupu ya mahali hapohapo inasema mita 1.5, na upimaji ulifanyika Oktoba, maji yakiwa chini. Masika ya kawaida yakiongeza sentimita 70, zinabaki sentimita 80. Mnunuzi aliyeoneshwa mita 7 amelipia kimo cha makuti.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Je, hii ni ramani ya uso au ya ardhi tupu? Jibu liandikwe.
2. Upimaji ulifanywa kwa leza, kwa kamera, au umetokana na ramani ya bure? Ulifanywa mwezi na mwaka gani?
3. Kwa kila mita ya mraba, ni nukta ngapi zilizoifikia ardhi? Ni sehemu zipi zilizokisiwa?
4. Kimo kimehesabiwa kwa rejea gani, na siku ya upimaji ziwa lilikuwa katika kimo gani kwa rejea hiyohiyo?
5. Ni alama ngapi za nchi kavu zilizopimwa kwa mkono ili kuhakiki ramani, na tofauti iliyopatikana ni kiasi gani? Alama ziwe chini ya miti pia; zikiwa barabarani pekee hazitoshi.
6. Nani aliyeikagua kazi na kuisaini? Awe mpimaji aliyesajiliwa. Kama droni ilitumika, kiwepo kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.
7. Je, mnunuzi atakabidhiwa faili lenyewe la vipimo, au picha ya rangi tu? Faili huweza kukaguliwa na mtaalamu mwingine, picha haiwezi.

Haki na wajibu wa mnunuzi

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kwa kuwa ukingo husogea, usipime mita hizo wewe mwenyewe siku ya kiangazi. Uliza katika ofisi za Manispaa ya Kigoma-Ujiji mpaka huo umewekwa wapi. Kuhusu kumbukumbu za usawa wa maji, waone Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, yenye makao yake mjini Kigoma.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Atakayekuuzia ramani ya uso kwa jina la ardhi tupu amekupotosha, na una haki ya kulalamika. Tunakushauri uweke mkataba, stakabadhi, ramani yenyewe na majibu ya maandishi ya maswali yaliyotangulia. Anza kwa kumwandikia aliyekuuzia na umpe muda wa kujibu. Asipojibu, peleka lalamiko na nakala zote kwenye mamlaka husika.

Kabla ya yote hayo, kitembelee kiwanja mara mbili: mwezi Oktoba na mwezi Aprili. Waulize wazee wa mtaa na wavuvi maji yalifika wapi mwaka 2021 na mwaka 2024, uweke alama mahali wanapokuonesha, kisha umwombe mpimaji akupe kimo cha alama hiyo. Kikitofautiana sana na ramani uliyouziwa, usilipe hadi upate maelezo.