Somo: Kuajiri watu wakati sheria zinabadilika



Somo la leo ni kwa wale kati yetu waliokuwa waajiri. Wengine watauliza: mtu aliyehamishwa anamwajiri nani? Tuangalie. Januari 2004 Rais Joseph Kabila alitia sahihi amri ya kukataza uchimbaji Shinkolobwe. Julai mwaka uleule ardhi iliporomoka mgodini, watu 8 wakafa. Agosti makazi yalibomolewa, na maelfu ya wachimbaji na jamaa zao wakatawanyika. Wakati umepita. Leo mmoja ana tanuri ya matofali, mwingine mashine ya kusaga mahindi, mwingine shamba kubwa asiloweza kulima bila vibarua. Ukimlipa mtu afanye kazi chini ya amri yako, sheria inakuita mwajiri, hata kama huna ofisi wala muhuri.

Sheria yenyewe ni ya tarehe 16 Oktoba 2002. Kwa Kifaransa inaitwa Code du travail, na wengi wakisikia "kodi" wanadhani ni ushuru mwingine! Ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Kwa hiyo mtu anayefuata yale aliyoyasikia wakati tunatoka Shinkolobwe anafuata sheria ambayo sehemu zake zimekwisha kubadilika.

Tuanze na jambo ambalo halikubadilika lakini halijulikani, kwa sababu ndipo magomvi mengi yanapozaliwa. Tuchukue mfano wa mama mwenye tanuri. Kila asubuhi anachagua vijana, jioni anawalipa, anaona hana deni. Lakini sheria inahesabu siku. Kibarua akiisha kufanya kazi siku 22 ndani ya miezi miwili, ukimchukua tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa mfanyakazi wa muda usio na mwisho. Hapo huwezi kumwambia "kesho usije" bila sababu ya haki na bila kumpa taarifa mapema: siku 14 za kazi kwa uchache, na siku 7 zaidi kwa kila mwaka mzima aliokutumikia. Mama hakuandika kitu? Mapatano yasiyoandikwa yanachukuliwa kuwa ya muda usio na mwisho, mpaka ithibitike vingine. Daftari la bei ndogo, lenye jina, siku na malipo, na sahihi au alama ya kidole, linamlinda mama na kijana pia.

Yaliyobadilika sasa. Umri: sheria ya 2002 iliweka miaka 16 kuwa umri wa kufanya mapatano ya kazi, tangu 2016 ni miaka 18. Mzazi kukubali peke yake hakutoshi kumwingiza mtoto kazini. Akiba ya uzee na ajali: iliyokuwa INSS sasa ni CNSS, na mchango ni asilimia 18 ya mshahara, 13 za mwajiri na 5 za mfanyakazi. Mshahara wa chini wa kibarua wa kawaida kwa siku uliwekwa faranga 7 075 mwaka 2018. Mwaka 2025 serikali iliupandisha mpaka 14 500, kisha 21 500 kuanzia Januari 2026. Najua wenye mashine ndogo watalia, na kilio chao kina sababu. Lakini afadhali kupunguza siku za kazi kwa mapatano ya wazi kuliko kulipa nusu kwa siri.

Kwa nini jarida la amani linaongea juu ya mishahara? Wakaaji wa Likasi hawahitaji kuelezwa sana. Mwaka 1992 na 1993 maneno ya "nani anashika kazi yetu" yaliwafukuza maelfu ya ndugu zetu wenye asili ya Kasai, na jamaa nzima zililala kwenye gare zikingoja treni. Kibarua asiyelipwa hasemi "mwajiri wangu hajui sheria." Anasema "watu wa kabila lile wanatunyonya." Ugomvi wa faranga unageuka ugomvi wa ukoo.

Ndiyo maana sheria inataka ugomvi wa mfanyakazi mmoja upelekwe kwanza kwa inspekta wa kazi ili awapatanishe, kabla ya kwenda mahakamani. Mzee wa kata anaweza kuwakalisha pande mbili, ni vizuri, lakini asifute haki ambayo sheria imeitoa. Inspekta huyo pia ana wajibu wa kumshauri mwajiri. Msingoje aje na faini.

Namna ya kufuata mabadiliko: Katiba, kifungu 142, inasema sheria inaanza kutumika siku 30 baada ya kutangazwa katika Journal officiel, isipokuwa yenyewe imesema vingine. Inasema pia serikali iieneze kwa lugha zetu nne za taifa, Kiswahili kikiwemo, ndani ya siku 60. Viongozi, ombeni nakala hiyo ya Kiswahili. Ni haki, si hisani. Kikundi kichague mtu mmoja anayesoma Kifaransa, aende kwa inspekta na CNSS kila Januari na kila Julai. Redio ikitaja mshahara mpya, ulizeni tarehe ya kuanza.

Neno moja kwa wanaofadhili vijana warudi kuchimba Shinkolobwe usiku: hakuna daftari litakalohalalisha kazi hiyo. Marufuku ya 2004 ilihusu mahali penyewe.

Kwa mazungumzo ya kikundi: Katika mtaa wenu, nani amefanya kazi zaidi ya siku 22 kwa mtu mmoja katika miezi miwili iliyopita? Siku hizo ziliandikwa wapi?