MAJI, FIGO NA TAKA ZA MWILINI

Mkulima, kila siku wamwona ng'ombe wako akikojoa. Je, umepata kujiuliza mkojo una kazi gani? Somo hili latufaa sisi tukaao Isinya, ambako mvua ni haba, na ambako ukame wa mwaka 2009 na ule wa 2022 uliua mifugo mingi ya Kajiado.

Mnyama alapo, mwili hutumia protini ya chakula kujenga nyama na maziwa. Ile isiyotumika hutoa amonia, nayo ni sumu. Ini huigeuza amonia kuwa urea, isiyo kali sana. Ni kitu kilekile kilichomo katika gunia la mbolea ya urea. Kisha damu huipeleka kwenye figo mbili, nazo huichuja na kuitoa pamoja na maji. Huo ndio mkojo.

Maji yapunguapo mwilini, ubongo hutambua na kuziamuru figo ziyarudishe katika damu. Ndipo mkojo huwa mchache na manjano yake hukolea. Lakini figo haziwezi kufunga kabisa, kwa kuwa taka lazima zitoke.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo wana akiba nyingine. Sehemu ya urea hurudi tumboni kwa mate na damu, na vijidudu vya tumboni huitumia kutengeneza protini tena. Kuku naye hutoa taka zake bila maji mengi: ndio ule weupe uuonao juu ya kinyesi chake.

Basi, shika haya:

1. Ng'ombe wa maziwa apate maji wakati wote. Katika kila sehemu 100 za maziwa, karibu 87 ni maji.

2. Maji yakiwa haba, usizidishe lusini. Protini nyingi huleta urea nyingi, na kuitoa kwahitaji maji.

3. Ndama aliyeshikwa na kiu kali mnyweshe kidogo kidogo. Akinywa mengi kwa ghafula, chembe za damu hupasuka, akakojoa mkojo mwekundu, aweza kufa.

4. Mbolea ya urea iweke mbali na mifugo. Ng'ombe akilamba nyingi, amonia hulishinda ini, naye aweza kufa kwa saa chache.

Kabla hujanunua ng'ombe mwingine, pima kwanza maji uliyo nayo ya kiangazi.