Sola ya Paa au Sola ya Garissa: Ipi Inakupunguzia Gharama ya Stima?

Kituo cha sola cha Garissa kilizinduliwa Desemba 2019. Kina uwezo wa megawati 50, na kila yuniti huuziwa Kenya Power kwa senti 5.4 za dola. Dola ikiwa shilingi 129, hiyo ni kama shilingi 7.

Sasa fungua SMS ya tokeni ulizonunua mwisho. Gawanya pesa ulizolipa kwa yuniti ulizopata. Utakuta umelipa zaidi ya mara mbili ya hiyo.

Kwa nini?

Shilingi 7 ni bei ya pale pale Garissa. Kutoka hapo stima husafirishwa kwa nyaya na transfoma, nyingine hupotea njiani, huchanganywa na ya vituo vingine vyenye bei tofauti, kisha tozo na VAT zinaongezwa.

Paneli za nyumbani ni ghali zaidi kwa kila wati, maana hununui maelfu kwa pamoja. Lakini stima yake haisafiri. Kwa hivyo paa lako halishindani na shilingi 7 za Garissa. Linashindana na bei ya tokeni yako.

Tupige hesabu

Tuseme umeweka sola ya kilowati 1 bila betri kwa shilingi 120,000, na inatoa yuniti 4 kwa siku. Kwa miaka 10 ni yuniti 14,600. Ukizitumia zote, kila moja imekugharimu kama shilingi 8.

Lakini je, mchana nyumba huwa tupu? Ukitumia nusu tu, bei inapanda hadi shilingi 16. Ukiongeza betri ya shilingi 100,000 ili utumie zote hata usiku, ni kama shilingi 15, na betri huenda ikachoka kabla ya hiyo miaka 10.

Ndiyo maana sola hulipa haraka kwa kinyozi, fundi wa kuchomelea au mwenye friji dukani: kazi yao ni ya mchana.

Kabla ya kulipa pole pole

Usiangalie malipo ya siku peke yake. Zidisha malipo hayo kwa idadi ya siku, ongeza deposi, kisha utumie jumla hiyo kwenye hesabu yetu. Ikiwa kila yuniti inatoka ghali kuliko tokeni, ngoja kwanza, uweke akiba ununue kwa pesa taslimu.